Nimeokoka Lakini Bado Naanguka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Niseme mapema, mimi sio mchungaji wala msomi wa theolojia, naongoza tu kikundi kidogo cha kusoma Biblia jioni, na haya maswali karibu yote hayakuulizwa kwenye kipindi chenyewe. Kwenye kipindi watu wanauliza Wanefili walikuwa akina nani na ile alama ya mnyama ni nini. Haya mengine yanakuja baadae, viti vinakunjwa, mtu anajifanya anatafuta chaja yake mpaka wenzake waishe, alafu anasogea taratibu: "samahani, nina rafiki yangu ana tatizo flani hivi..." Huyo rafiki namjua miaka mingi sasa, hakuna kitu hajakifanya masikini. Nimeandika hapa ninachomjibu. Sijapanga kwa utaratibu wowote ila nimeanza na lile ambalo huwa lina haraka.

Nimeanguka jana usiku. Saa hizi nifanyeje?

Rudi leo leo. Usisubiri Jumapili, usisubiri mpaka ujisikie vibaya vya kutosha. Wengi wetu tuna kaadhabu tunakojipangia wenyewe, siku tatu nne hivi za kutoomba, Biblia unaipita pale mezani kama vile mmegombana, yani unampa Mungu muda hasira zimshuke. Mi nimefanya hivyo miaka. Unaanguka Jumatano, Alhamisi na Ijumaa unanyamaza, Jumamosi unaanguka tena maana wiki yenyewe si ishaharibika, Jumapili unasema kichwa kinauma. Ukija kupiga hesabu unakuta kuanguka kwenyewe kulichukua nusu saa, kukaa mbali kumechukua siku tano, na hizo tano ndizo zilizokumaliza.

Angalia Daudi. Tunahubiri sana lile darini, alivyomwona Bathsheba mke wa mtu akioga akamchukua, ila kuna kitu tunakiruka: nabii Nathani alipokuja kumwambia "wewe ndiwe mtu huyo", mtoto alikuwa keshazaliwa (2 Samweli 11 na 12). Maana yake mfalme alikaa na ile siri miezi kama tisa, anakaa kwenye kiti, anaamua kesi za watu, watu wanamsujudia. Zaburi ya 32, ambayo imeandikwa kuwa ni yake, inasema "niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa". Aliponyamaza. Kuchakaa kulikuja na kule kunyamaza.

Sasa kwa vitendo: itaje dhambi kwa jina lake. Ile "nisamehe makosa yote niliyoyatenda kwa kujua na kutokujua" tunaijua kwa kichwa mno, unaweza kuisema yote huku unawaza mambo mengine kabisa. Sema "nimemdanganya fulani kuhusu ile hela". Inauma mdomoni, ndio dawa yenyewe. Soma 1 Yohana 1:9 kwa sauti. Kama kuna mtu umemuumiza mtafute leo. Alafu oga, kula, nenda kazini.

Hivi kweli nimeokoka? Mtu aliyeokoka si anatakiwa awe ameacha haya mambo?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote, na wanaouliza huwa ni walewale ambao dhambi inawanyima usingizi. Sijawahi kuulizwa na mtu ambaye dhambi haimsumbui.

Shida inaanzia kwa jinsi shuhuda zinavyotolewa. Mtu anasimama anasema nilikuwa mlevi, nikaokoka, siku hiyohiyo kiu ikakatika. Inatokea kweli, siwabishii. Ila anayesimama ni huyo mmoja, wale kumi ambao kiu haikukatika wamekaa kwenye viti wanapiga makofi na kujiuliza wao walikosea wapi. Barua ya kwanza ya Yohana iliandikiwa waamini na inasema tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe. Yohana huyohuyo, barua hiyohiyo, sura ya 3 anasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, na watu wakikutana na huo mstari saa sita usiku wanapatwa na baridi. Sasa hawezi kuwa anajipinga ndani ya kurasa mbili tatu. Wafasiri wengi wanaelewa kwamba pale anazungumzia mtu aliyeifanya dhambi kuwa makazi, anaishi humo, amepanga na fanicha. Wagalatia 5:17 inasema mwili na Roho vinapingana ndani ya mtu. Sasa ugomvi lazima uwe na watu wawili bwana. Kabla hujaokoka hukuwa unapigana na mtu, ulikuwa unakubali tu.

Paulo kwenye Warumi 7 alikuwa anajisema mwenyewe?

"Lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Wamebishana tangu zamani. Wengine wanasema anaeleza maisha yake kabla ya Kristo, chini ya sheria. Augustino, yule askofu na mwalimu wa kanisa la kale, alianza na msimamo huo, baadae uzeeni akabadilika akasema hapana, huyu ni Paulo mwamini kabisa. Mi niko na Augustino mzee, ila hata ukiwa upande wa pili hupotezi kitu, maana sura haikuishia pale. Watu wanasoma "ole wangu, maskini mimi!" wanafunga kitabu wanalia, wakati mistari miwili mbele, sura ya 8 mstari wa kwanza, imeandikwa hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Na kumbuka Paulo hakuandika namba za sura, hizo zimewekwa na watu zaidi ya miaka elfu moja baada yake. Kwake yeye ilikuwa pumzi moja.

Dhambi ileile, mara ya mia. Mungu hachoki?

Soma Luka 17:4. Yesu anawaambia wanafunzi ndugu yako akikukosea mara saba kwa siku moja, na mara zote saba akarudi anasema natubu, msamehe. Siku moja hiyo! Mara ya tano wewe ungeshasema huyu ananifanyia maigizo. Sasa anayekuagiza wewe na roho yako fupi ufanye hivyo, yeye mwenyewe atafanya pungufu?

Alafu kuna kitu kwenye sala ya Bwana nimekiona juzi juzi tu, baada ya kuisali tangu utoto. "Utupe leo riziki yetu" na "utusamehe deni zetu" zimekaa jirani, moja baada ya nyingine. Hakuna mtu anaona aibu kuomba chakula leo eti kwa sababu jana aliomba na akapewa. Na sala hiyo hawakufundishwa wapagani, walifundishwa wanafunzi, watu walioacha nyavu wakamfuata. Aliyeitunga alijua wataihitaji kesho pia.

Kwahiyo naweza kufanya tu alafu nikatubu?

Paulo alijiuliza hilohilo akajibu "hasha!" (Warumi 6). Anayetubu kwa mahesabu kabla hajatenda anajidanganya, na moyoni anajua. Tuendelee.

Ni shetani au ni mimi?

Kiswahili chetu kina msemo mtamu sana: "shetani alinipitia". Yani mi nilikuwa nimekaa zangu, bwana mkubwa akapita njia, basi ikawa hivyo. Yakobo 1:14 hamtaji shetani kabisa pale, anasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, anavutwa na kudanganywa. Maneno aliyotumia ni ya wavuvi na wategaji, chambo kile. Na mvuvi anaweka chambo ambacho huyo samaki anakipenda.

Sisemi shetani hayupo, 1 Petro 5:8 inasema anazunguka kama simba. Ila nimeona watu wanaombewa watoke pepo wa hasira mara nne mara tano, na kila mara wakifika nyumbani hawajawahi hata siku moja kumuomba msamaha waliyemtukana. Pepo gani huyo anayekuzuia kusema samahani?

Nimefunga, nimekesha, nimewekewa mikono. Tamaa bado ipo. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote, umeomba iondolewe na haijaondolewa. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wanapoachia.

Kaka mmoja kwenye kikundi alikuwa anasumbuliwa na video za ngono. Alifunga, alifuta programu, alirudisha programu, wiki nzima yuko hivyo. Siku moja nikamwambia hebu niandikie mara ya mwisho ilikuwaje, saa kwa saa. Akaandika saa sita usiku nilijaribiwa. Nikamwambia rudi nyuma, saa tano ulikuwa wapi? Kitandani na simu, naangalia magoli. Saa tatu? Nilijitupa kitandani na nguo za kazi. Umekula? Hapana. Kwanini? Bosi alinisema mbele za watu saa kumi, sikuwa na hamu. Sasa tukaanza kuona. Vita yake alikuwa anaianza saa sita usiku akiwa na njaa, na hasira, amechoka, yuko macho peke yake, taa imezimwa, na silaha ya adui ameishika mkononi. Hapo hata malaika angepata shida.

1 Wakorintho 10:13 inasema pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Huwa tunautafuta huo mlango dakika ya mwisho tunasema haupo. Wa kwake ulikuwa saa tatu: angekula, angempigia mtu simu akalalamika kuhusu bosi, simu ingelala sebuleni. Akahamishia chaja sebuleni. Akaniambia lakini alamu ya kuniamsha iko kwenye simu, nikamwambia saa za mezani zenye kengele zipo zinauzwa mpaka leo. Akanunua. Ina kelele mbaya, mkewe anaichukia.

Yesu alisema jicho likikukosesha ling'oe, na hapo tunasema ah ni lugha ya picha, na ni kweli ni lugha ya picha, lakini picha ya nini sasa kama hata chaja hatuwezi kuhamisha? Yusufu hakukaa kumkemea mke wa Potifa aliyekuwa anamtaka kwa jina la mtu yeyote, alikimbia akaacha vazi.

Na muda. Watu wanategemea siku 21 za maombi zikiisha na tabia imeisha. Mwaka 2009 watafiti wa University College London walichapisha utafiti wa watu wanaojenga tabia mpya za kawaida kabisa kama kunywa maji au kufanya mazoezi, wakakuta kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka kitu kijiendeshe chenyewe, na kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia siku 18 mpaka 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu zoezi zima. Hilo la mwisho ndilo nalipenda, maana sisi tukiruka siku moja tunarudi mwanzo na kujitangazia kushindwa. Yule kaka baada ya miezi miwili alikuja analia ameanguka. Nikamuuliza mara ngapi tangu tuhamishe chaja, akasema tatu. Zamani ilikuwa karibu kila baada ya siku moja. Alikuwa hata hajaona.

Neema inafanya kazi, sijasema saa ya kengele inaokoa mtu. Warumi 8:13 inasema mkiyafisha matendo ya mwili kwa Roho: kwa Roho, lakini mnaofisha ni nyinyi.

Lazima nimwambie mtu? Si nimeshamwambia Mungu?

Msamaha unaupata kwa Mungu, hilo halina mjadala kwangu. Ila Yakobo 5:16 inasema ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, mkaombeane, mpate kuponywa. Wahenga nao walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Dhambi ya siri ukiitoa mdomoni ikasikika kwenye sikio la mtu mwingine, inapungua ukubwa hapohapo, sijui kwanini lakini nimeiona mara nyingi.

Mkatoliki na Mwothodoksi wana kitubio, na padri akitoa siri ya kitubio ana kosa kubwa mno kwa sheria za kanisa lake. Sisi wengine inabidi tutafute wenyewe, na hapo chagua vizuri. Mtu mmoja au wawili, wa jinsia yako, umri usipishane sana au awe mkubwa, na muhimu zaidi awe hajawahi kukuletea siri ya mtu mwingine "ili tumuombee". Huyo akikuletea ya wenzio na yako itasafiri. Kwenye group la WhatsApp hapana, jamani, hapana.

Na sio kila kitu ni cha kunong'onezana. Kama kuna mtoto anaumizwa, au mtu anapigwa, au pesa za watu zimeibwa, hiyo ni kesi, inapelekwa kwa wanaohusika na vyombo vya sheria. Na kama wewe ndiye unayeumizwa nyumbani alafu mtu anakwambia "vumilia katika imani", uvumilivu wa Biblia sio huo.

Nikiwa nimeanguka niende ibadani? Nishiriki meza ya Bwana? Niimbe kwaya?

Ibadani nenda. Ukisubiri uwe safi ndio uende utakuwa kama mtu anayesubiri apone ndio aende hospitali.

Meza ya Bwana inategemea taratibu za kanisa lako, uliza kiongozi wako, mi siwezi kuvuruga hapo. Ila ujue 1 Wakorintho 11:28 inasema mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Watu wanasoma "ajihoji" wanaishia hapo, wanakaa kwenye benchi mwaka mzima.

Kuhudumu ni jambo jingine kidogo. Kujikwaa kwa siku hakukutoi kwenye huduma, vinginevyo nani angefundisha? Lakini kama unaishi kwenye kitu, una maisha mawili yanayoendelea sambamba, shuka mwenyewe kwa muda kabla hujashushwa. Sio adhabu. Kusimama mbele za watu huku unaficha kunakuzoesha kuigiza, na ukishazoea kuigiza kutubu kunakuwa kugumu sana, maana hujui tena ni lini unaigiza.

Nadhani nimetenda ile dhambi isiyosamehewa.

Pole sana, najua hiyo hofu inavyokaba. Fungua Marko 3 usome kuanzia juu, usianzie mstari wa 29. Waandishi wametoka Yerusalemu, wanamwona Yesu akiponya watu kwa macho yao, wanasema anafanya kwa Beelzebuli, mkuu wa pepo. Na mstari wa 30 Marko anatoa sababu kabisa, kwa vile walisema ana pepo mchafu. Wale hawakuwa na hofu yoyote. Walikuwa na uhakika. Hawakurudi kwa mtu usiku kuuliza "je, tumekosea?"

John Bunyan, mhubiri wa Uingereza wa karne ya 17, aliteseka muda mrefu akiamini amemuuza Kristo na hawezi tena kusamehewa, kila akigeuka anaona mstari wa Esau aliyetafuta toba kwa machozi asipate. Akaja kuwa mmoja wa watu walioandika vizuri kabisa kuhusu neema. Hofu haikuwa ushahidi wa chochote.

Kama mawazo hayo yanajirudia kutwa nzima, unatubu kitu kimoja mara hamsini na hupati nafuu, muone na daktari wa afya ya akili pia. Kuna ugonjwa unaovaa nguo za dini. Kumuona daktari sio kukosa imani.

Naweza kuupoteza wokovu?

Makanisa hayajakubaliana na mimi sitawapatanisha. Walutheri, Wakatoliki na Wamethodisti wanasema inawezekana mtu akaiacha imani. Wanaofuata Sinodi ya Dort ya 1618 na 1619, ule mkutano wa makanisa ya Kireformati huko Uholanzi, wanasema aliyezaliwa na Mungu kweli atalindwa mpaka mwisho, hata akianguka vibaya atarudishwa. Wote wawili wanasoma Waebrania 6, lile onyo kwa walioanguka, na wote wawili wanasoma Yohana 10:28, kwamba hakuna atakayewapokonya kutoka mkononi mwa Yesu.

Ninachoweza kusema ni kwamba kanisa lilishapita kwenye hili kwa damu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Rumi, na waliofanya hivyo wanapewa hati. Wakristo wengi sana waliogopa wakatoa, wengine wakanunua hati kwa hongo. Dhiki ilipopoa wakarudi mlangoni kwa kanisa wanalia. Huko Rumi kasisi mmoja, Novatiani, akasema hapana, hawa wamemkana Kristo, kanisa haliwezi kuwapokea. Sipriano askofu wa Karthago na Kornelio wa Rumi wakasema watapokelewa, kwa toba ya kweli na ya muda, lakini watapokelewa. Kanisa lilifuata hao. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa ulichokifanya huna njia ya kurudi, mwambie hilo lilijadiliwa miaka zaidi ya 1,770 iliyopita na aliyesema hakuna njia ndiye aliyebaki nje na kundi lake.

Enzi hizo wengine waliogopa dhambi za baada ya ubatizo kiasi kwamba walisogeza ubatizo mpaka uzeeni. Kaisari Konstantino alibatizwa 337, karibu kabisa na kufa. Mahesabu makali hayo.

Sina dhambi yoyote kubwa, nimechoka tu. Naomba sisikii kitu.

Evagrio wa Ponto, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki 399, aliiandika hali hii vizuri kuliko mtu yeyote. Anasema kuna pepo wa adhuhuri, akikujia unaona jua halisogei, mchana una saa hamsini, unachungulia dirishani kila mara kuona kama saa ya kula imefika au kama kuna mtu anakuja kukutembelea. Miaka 1,600 imepita na sisi tunachungulia simu. Ushauri wa wale wamonaki ulikuwa wa kawaida mno: usitoke chumbani, fanya kazi ya mikono, sali sala fupi.

Mi naongeza: lala. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 aliomba afe, na malaika hakumfundisha kitu, alimwambia inuka ule. Akala akalala tena. Akaamshwa mara ya pili akala tena. Ndio baadae akasafiri, ndio baadae ile sauti ndogo. Kama hata ukilala na kula bado unatamani kufa, mwambie mtu leo na uende kwa daktari leo, usiliache mpaka kikundi kijacho.

Nyumbani wananiona mnafiki. Nafundisha wengine na wao wananijua.

Hili nalijibu nikiwa nimeinamisha kichwa. Kuna jioni nilikuwa naandaa somo, karatasi zimetandazwa mezani, mtoto wangu akapita na bilauri ya maji ikamponyoka. Maji yakaenda kwenye karatasi zote. Nilimfokea, na sio kufoka kidogo, maneno ambayo nikiyakumbuka nasikia aibu mpaka masikioni. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza. Akafuta, akafuta, pale alipokuwa anafuta palikuwa pameshakauka na bado anafuta, hataki kuinua uso.

Na nilifanya nini? Nilihamia chumbani na karatasi zangu zilizolowa nikaendelea kuandaa neno, saa mbili nzima, nikijiambia nitamuomba msamaha nikimaliza. Nilipotoka alikuwa ameshalala. Asubuhi nilikaa kitandani kwake nikamwambia baba alikosea, maji hayakuwa kosa lako, na nilichelewa kukuomba msamaha na hilo nalo lilikuwa kosa. Akaniuliza tu kama karatasi zilikauka.

Kwahiyo nadhani wa nyumbani hawahitaji uwe hukosei. Wameshajua unakosea, wanaishi na wewe. Wanachoangalia ni unachukua muda gani.

Hii vita inaisha lini? Mbona najiona mbaya kuliko nilipookoka?

Paulo kwenye 1 Wakorintho 15:9 anajiita mdogo katika mitume. Kwenye Waefeso 3:8 ni mdogo kuliko aliye mdogo wa watakatifu wote. Kwenye 1 Timotheo 1:15 anasema Kristo alikuja kuokoa wenye dhambi, "ambao wa kwanza wao ni mimi", na hakusema nilikuwa. Augustino alimgeukia Kristo mwaka 386, na zaidi ya miaka kumi baadae akiwa tayari askofu akaandika wazi kwamba ndoto zake za usiku bado zinamletea mambo aliyoyaacha. Hawa hawakuwa wanazidi kuharibika. Chumba kikiingia mwanga ndio unaona vumbi, lilikuwepo siku zote.

Kwenye kikundi chetu kuna bibi mmoja ambaye ameokoka tangu kabla mimi sijazaliwa. Kijana mmoja alimuuliza, "Bibi, kwa umri huu si umeshashinda yote?" Akacheka sana, akasema yale ya ujana yalimuacha yenyewe, hata hawezi kujisifu nayo. "Sasa hivi napigana na mdomo," akasema. "Leo asubuhi nimemsema mkwe wangu kwa jirani." Alafu akaomba simu ya yule kijana, kwa sababu ya kwake haikuwa na salio, akatoka nje kumpigia mkwe.